Shingo ya Bwana Harusi: Tai, Abakosti na Mkono wa Dola nchini Zaire, 1972–1990

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jambo linaloonekana dogo: uchaguzi wa tai ya bwana harusi. Mfano wake ni Zaire kati ya mwaka 1972 na 1990, ambako dola iliwazuia wanaume kuvaa suti na tai na kuwapa abakosti badala yake. Hoja kuu ni mbili. Kwanza, marufuku hiyo iliisoma tai kama alama ya utumwa wa kikoloni, ilhali kwa Wakongo wengi ilikwisha kuwa dai la usawa. Pili, gharama ya marufuku haikuwaangukia wote sawa: bwana harusi mwenye mali alipata vazi jipya, fukara akapoteza vazi la kuazima. Yanatazamwa pia matumizi ya picha za harusi kama chanzo cha historia, na mijadala ya mavazi inayoendelea katika ukanda wetu.

Utangulizi

Kati ya maamuzi yote yanayotangulia harusi, uchaguzi wa tai huja mwishoni. Mahari imekwisha kupokewa, ukumbi umelipiwa, suti imeshonwa au imeazimwa. Ndipo mtu anapokumbuka shingo. Huitwa shangazi mwenye jicho la rangi, huletwa kipande cha kitambaa cha wasimamizi wa bibi harusi ili vilingane, na shauri linakwisha. Tai inapaswa kushuka hadi kwenye bizimu ya mkanda, isipungue wala isizidi. Fundo lilingane na ukosi wa shati. Rangi isishindane na maua. Hayo ndiyo mambo ambayo mshauri wa harusi wa leo, awe Bujumbura, Kampala au Lubumbashi, atamweleza kijana.

Kwa miaka 18, hata hivyo, bwana harusi wa Lubumbashi, Bukavu, Goma au Kisangani hakuwa na uchaguzi huo. Nchi yake, iliyokuwa ikiitwa Zaire tangu tarehe 27 Oktoba 1971, ilikuwa imeamua kuhusu shingo yake kabla hajafikiria kuoa. Tai, ambayo Waswahili wa Kongo huiita kravati kwa kufuata Kifaransa, ilihesabiwa miongoni mwa masalia ya ukoloni yaliyopaswa kufutwa pamoja na majina ya ubatizo, masanamu ya Wabelgiji na majina ya miji.

Tunaichagua harusi kwa sababu maalumu. Vazi la ofisini linaweza kuamriwa na mwajiri, na vazi la shuleni na mwalimu. Harusi ni siku ambayo mtu hujivika mwenyewe, mbele ya watu anaowaheshimu zaidi duniani, naye anajua kwamba picha itabaki ukutani hata baada ya yeye kufa. Ikiwa dola imefika hapo, imefika ndani sana.

Kutoka kwa askari wa Kroatia hadi kwenye kadi ya ustaarabu

Asili ya tai inajulikana na haihitaji maneno mengi. Askari wa Kroatia waliopigana upande wa Ufaransa katika karne ya 17 walijifunga vitambaa shingoni. Wafaransa wakaviiga na kuviita kwa jina la watu hao, na neno cravate likazaliwa. Kitambaa hicho kilipitia maumbo mengi kabla ya kuwa ukanda mrefu tuujuao. Mwaka 1924 fundi wa New York, Jesse Langsdorf, alisajili mbinu ya kukata kitambaa kwa mshazari na kukiunga kwa vipande vitatu, ili tai inyooke tena baada ya kufunguliwa. Tai anayoivaa bwana harusi wa leo ni mtoto wa mkato huo. Kwa maneno mengine, tai ya kisasa haina umri mkubwa kuliko babu zetu.

Katika Kongo ya Wabelgiji tai iliingia kwa njia tatu: misheni, kampuni na ofisi. Karani, mwalimu na muuguzi waliunda tabaka lililoitwa na watawala évolués, yaani waliokwisha kuendelea. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa za kiraia kwa ajili yao, na mwaka 1952 ikaanzisha daraja la juu zaidi, immatriculation, lililomweka Mwafrika karibu na sheria ya Wazungu. Aliyeomba daraja hilo alichunguzwa yeye na nyumba yake: wakaguzi walitazama samani, vyombo vya mezani, usafi wa chumba, na namna mke na watoto walivyoishi. Ndoa ilikuwa katikati ya mtihani huo. Mwenye mitala hakuwa na nafasi, na mwaka 1950 dola ilitoa amri ya kuzuia ndoa mpya za mitala. Picha ya harusi ya kanisani, mume akiwa na suti na tai, mke akiwa na gauni jeupe, haikuwa pambo tu la ukutani katika nyumba ya namna hiyo. Ilikuwa hati.

Ni rahisi kuyatazama haya na kusema: tazameni, tai ilikuwa mnyororo. Mobutu alisema hivyo, na hakuwa mjinga kusema hivyo. Lakini hati ina pande mbili. Mtu anayelazimishwa kuthibitisha ustaarabu wake huweza pia kuushika uthibitisho huo na kumrudishia mwenye kuudai, akimwambia: sasa timiza ahadi yako. Ndivyo évolués wengi walivyofanya kuanzia katikati ya miaka ya 1950, na walifanya hivyo wakiwa wamevaa tai.

Ushahidi mzuri zaidi uko katika siku mbili za mwaka 1960. Tarehe 29 Juni, mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipokuwa akipita katika barabara za Léopoldville ndani ya gari la wazi, mtu mmoja aliyeitwa Ambroise Boimbo aliuchomoa upanga wa mfalme na kukimbia nao. Mpiga picha Mjerumani, Robert Lebeck, aliinasa dakika hiyo. Katika picha hiyo, mojawapo ya picha mashuhuri kabisa za uhuru wa Afrika, aliyeunyakua upanga amevaa koti na tai. Kesho yake, tarehe 30 Juni, Patrice Lumumba alisimama bila kupangwa katika ratiba akamjibu mfalme kwa hotuba ambayo dunia haijaisahau. Shingoni alikuwa na tai ya kipepeo. Miongoni mwa mashtaka aliyoyataja ni kwamba Mwafrika alisemeshwa kwa neno la Kifaransa la kumwambia mtoto au mtu wa chini, huku neno la heshima likiwekewa Mweupe peke yake. Lumumba hakutaka heshima hiyo ifutwe. Alitaka igawiwe kwa wote. Tai ya shingoni mwake ilisema neno lile lile.

Abakosti

Mobutu alitwaa madaraka mwezi Novemba 1965. Alianza kwa miji: mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa, Élisabethville ikawa Lubumbashi, Stanleyville ikawa Kisangani. Mwaka 1967 kilitoka Kitabu cha N'Sele, ilani ya chama chake, MPR. Mwaka 1971 nchi, mto na sarafu vikawa na jina moja, Zaire. Mwaka 1972 zamu ilifika kwa watu wenyewe. Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Majina ya ubatizo yakaondolewa, na mapadri wakaonywa kwamba atakayembatiza mtoto kwa jina la Kizungu angeweza kufungwa miaka mitano. Monsieur na Madame zikaachwa, kila mtu akawa citoyen au citoyenne, yaani raia. Siasa hiyo iliitwa uhalisi.

Hapa ndipo suti na tai zilipoangushwa. Jina la vazi lililochukua nafasi yake linatokana na kaulimbiu ya Kifaransa, à bas le costume, yaani suti na ianguke. Maneno hayo yakabanwa yakawa abacost, nasi tunayaandika abakosti. Lilikuwa koti jepesi, la mikono mifupi au mirefu, lenye ukosi na vifungo hadi juu, lisilohitaji shati la ndani wala tai. Wakubwa waliliongezea kitambaa laini shingoni, fulari, na kingine kama hicho mfukoni. Kiongozi mwenyewe alilikamilisha kwa kofia ya ngozi ya chui na fimbo.

Wengi wameona kwamba abakosti ilifanana na koti la viongozi wa China. Inafaa kuongeza kwamba abakosti nyingi za wakubwa wa Kinshasa zilishonwa Ubelgiji, na mafundi Wabelgiji. Hatutaji hili kwa kubeza. Mtindo wa nguo husafiri, na hakuna aibu katika kusafiri kwake. Bwana harusi wa Lamu, Mombasa au Unguja huvaa kanzu, joho na kilemba, na joho lilifika pwani kutoka Uarabuni. Hakuna amri yoyote iliyolifanya liwe letu, limekuwa letu kwa sababu vizazi kadhaa vya waliooa walilivaa. Udhaifu wa abakosti haukuwa katika asili yake. Ulikuwa katika haraka yake: ilitakiwa iwe desturi kuanzia Jumatatu.

Kanisa lilikuwa upande wa pili wa mvutano huu, na harusi nyingi zilipita mlangoni mwake. Kardinali Joseph-Albert Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipinga siasa ya uhalisi ilipogusa majina ya ubatizo, na mwaka 1972 alilazimika kukaa Roma kwa muda. Kinaya ni kwamba Malula mwenyewe alikuwa mtetezi wa Kanisa lenye sura ya Kiafrika kabla ya Mobutu kuvumbua neno uhalisi. Kazi aliyoisukuma ilizaa misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, yenye ngoma, mwendo wa kucheza na kuwataja wahenga. Ilichukua zaidi ya miaka kumi na tano ya mashauriano. Abakosti ilichukua wiki kadhaa. Mwaka 2026 misa ya Kizaire bado inaadhimishwa kila Jumapili. Abakosti inaonekana kwa nadra mno, hasa kwa wazee.

Vazi la kuazima

Waandishi wa historia ya siasa, kuanzia Crawford Young na Thomas Turner katika kitabu chao cha mwaka 1985 juu ya dola ya Zaire, wamelieleza vizuri lengo la uhalisi. Lililobaki nyuma ya pazia ni uchumi wa shingo, na hapo bwana harusi anatufundisha jambo ambalo waziri hawezi kutufundisha.

Tai ni nguo ya ajabu kwa sababu haina kipimo. Shati lina saizi, suruali ina saizi, kiatu kina saizi. Tai humwenea mnene na mwembamba, mrefu na mfupi. Kwa hiyo huazimika kuliko kitu kingine chochote katika kabati la mwanamume. Tai moja nzuri katika ukoo ilitosha kuwaoza kaka watano, binamu zao na marafiki wa mtaani. Pia ni nguo ya bei ndogo kuliko zote zinazobadili hadhi: shati jeupe la kawaida, likifungwa tai, linakuwa vazi la sherehe. Wapiga picha wa studio walijua hili tangu zamani. Seydou Keïta wa Bamako, ambaye picha zake za miaka ya 1950 sasa ziko katika makumbusho makubwa ya dunia, aliweka suti, tai na saa kwa ajili ya wateja wasiokuwa navyo. Mtu aliingia studio akiwa fundi baiskeli, akatoka kwenye picha akiwa mheshimiwa, na hakuna aliyedanganywa: kila mtu aliyeitazama picha alijua jinsi ilivyopigwa, na bado aliiheshimu.

Abakosti haina sifa hizo. Ni koti, na koti hukatwa kwa mwili wa mtu. Lisipomkaa mtu mabegani, hadhira nzima inajua kwamba ni la mwingine. Linahitaji kitambaa kizuri na fundi mzuri, na fulari ya hariri kwa anayetaka kupita wengine. Kwa karani mkuu au mkurugenzi wa kampuni ya migodi ya Shaba, jina jipya la Katanga, hili halikuwa tatizo. Pengine lilikuwa furaha, kwa kuwa vazi jipya lilimpa nafasi ya kuonekana karibu na wakuu wa chama. Kwa kijana wa kibarua aliyekuwa akitegemea tai ya mjomba, marufuku ilimwondolea pambo pekee aliloweza kulipata bure. Kisha ukaja mwezi Novemba 1973, serikali ikatwaa maduka na mashamba ya wageni kwa jina la uzairishaji, na katika miaka iliyofuata bidhaa zikaadimika, bei zikapanda, na sarafu ikaporomoka. Siasa iliyokusudia kuwasawazisha raia mbele ya kioo iliongeza umbali kati yao. Hatudhani kwamba Mobutu alikusudia hivyo. Ni kwamba hakuna mtu katika mkutano wa chama aliyekuwa na sababu ya kuuliza tai inaazimwaje.

Ubishi wa mitaani ulikuja kwa sura nyingine. Vijana wa Kinshasa waliomfuata mwanamuziki Papa Wemba, mwanzilishi wa bendi ya Viva la Musica mwaka 1977, waligeuza uvaaji wa nguo za mafundi wakubwa wa Paris, Brussels na baadaye Tokyo kuwa kama dini ndogo. Mtindo huo, unaojulikana kama Sape, una mizizi mirefu zaidi upande wa pili wa mto, Brazzaville, ambako tai haikukatazwa. Mipaka ni muhimu katika habari hii. Kutoka Bukavu, kuvuka daraja la Ruzizi kulitosha kumfikisha mtu Cyangugu, nchini Rwanda, ambako aliweza kuhudhuria harusi ya shemeji yake na kuona shingo zilizofungwa kama za baba yake mwaka 1958. Marufuku ya mavazi yanayoishia kwenye daraja yana kazi ngumu.

Majirani wa Zaire walikuwa na nia zao. Miaka ya mwisho ya 1960 na ya mwanzo ya 1970 ilikuwa miaka ya dola za Afrika kuingia katika kabati za wananchi. Tanzania ilikuwa na Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968 dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana; tai haikuguswa, ingawa Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wa Zambia walipendelea makoti yasiyoihitaji. Uganda ya Idi Amin ilipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Malawi ilipitisha sheria ya mavazi ya heshima mwaka 1973, iliyowakataza wanawake suruali na sketi fupi, na wanaume nywele ndefu. Sheria hiyo ya Malawi ni kioo kizuri cha Zaire kwa sababu Rais Banda, aliyeisimamia, hakuonekana hadharani bila suti ya vipande vitatu, kofia na tai. Marais wawili wa chama kimoja, katika miaka ile ile, wakidai kuilinda heshima ya Mwafrika: mmoja aliifunga shingo, mwingine akaifungua. Kilichowaunganisha ni imani kwamba shauri hilo lilikuwa lao.

Mwanamke, ni lazima isemwe, alibanwa zaidi kuliko mwanamume katika nchi zote hizi, Zaire ikiwamo, ambako suruali, sketi fupi na nywele za bandia zilikatazwa na kitenge kikafanywa vazi la uraia. Makala haya yanazungumzia tai kwa kuwa habari yake haijasimuliwa sana, wala hatusemi kwamba mzigo wake ulikuwa mzito zaidi.

Tarehe 24 Aprili 1990

Katika hotuba yake huko N'Sele siku hiyo, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Machozi yalimlenga, na aliomba hisia zake zieleweke. Katika hotuba hiyo hiyo, iliyobadili katiba ya nchi, alitoa nafasi kwa jambo la nguo: kuanzia sasa raia angeweza kuchagua kati ya abakosti na suti yenye tai. Yeye mwenyewe, alisema, alikwisha kuchagua mwezi Februari 1972, na hawatamwona akiwa na tai.

Wachambuzi wa siasa kwa kawaida hulipita jambo hili kwa tabasamu. Sisi tunaliona kuwa zito. Kiongozi aliyekuwa akiutoa ukiritimba wa chama alihisi, na alihisi sawasawa, kwamba wasikilizaji wake hawatauamini uhuru wa vyama kama hawatapewa uhuru wa shingo. Chama cha pili kilihitaji usajili, fedha, makao na ujasiri. Tai ilihitaji dakika moja mbele ya kioo. Ilikuwa sehemu pekee ya Jamhuri ya Tatu ambayo raia aliweza kuitekeleza mwenyewe kabla ya jua kuzama. Kwa bahati tu ya kalenda, Papa Wemba alifariki tarehe hiyo hiyo, miaka 26 baadaye, baada ya kuanguka jukwaani Abidjan.

Mabwana harusi waliooa kuanzia mwaka huo wa 1990 walirudi kwenye tai, lakini si kwenye tai ya wazazi wao. Ya évolué ilikuwa nyembamba na ya rangi ya giza, imefungwa kwa ajili ya jicho la mkaguzi. Iliyorudi ilikuwa pana, yenye kung'aa, imelinganishwa na nguo za wasimamizi, na mara nyingi imetoka katika marobota ya mitumba. Leo harusi ya Kongo hugawanya kazi kati ya mavazi. Siku ya mahari, ambayo Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 iliiweka ndani ya sheria ya ndoa, bwana harusi anaweza kuvaa shati la kitenge linalofanana na la familia yake. Mbele ya ofisa wa serikali na kanisani, huvaa suti na tai. Uhalisi na suti, vilivyotangazwa kuwa maadui mwaka 1972, vimepangiwa siku tofauti za juma moja, na hakuna waziri aliyewapatanisha.

Shingo kama tarehe

Kwa mtafiti, marufuku ya Mobutu imeacha faida moja isiyokusudiwa. Albamu za familia za mashariki mwa Kongo zimejaa picha zisizo na maandishi nyuma. Ikiwa picha ya harusi ilipigwa ndani ya nchi, na bwana harusi ana tai, basi kwa kiasi kikubwa cha uhakika ni ya kabla ya 1972 au baada ya Aprili 1990. Ikiwa ana abakosti, imo katikati. Ukosi wenye fulari unaonyesha cheo au tamaa ya cheo. Kinachovutia zaidi ni picha zitakazovunja kanuni hii: tai ya mwaka 1979, kwa mfano, iliyofungwa ndani ya chumba cha studio baada ya mlango kufungwa. Picha kama hiyo ikithibitishwa tarehe yake, itatueleza juu ya mipaka ya dola ya Zaire jambo ambalo hotuba elfu za MPR haziwezi.

Lugha ya kazi hii ni Kiswahili. Miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora historia nzima ya nchi yake na kumweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha Shaba. Kitabu kilichotokana na mazungumzo hayo kilitoka mwaka 1996 na kimekuwa nguzo ya taaluma. Hakuna sababu ya albamu za harusi kutopewa usikivu wa namna hiyo. Ila muda hauko upande wetu. Kijana aliyeoa mwaka 1972 akiwa na miaka 25 alizaliwa mwaka 1947. Mafundi cherehani waliokata abakosti za kwanza ni wakubwa kuliko yeye. Lava ya Nyiragongo iliyopita katikati ya Goma mwezi Januari 2002 ilizika nyumba pamoja na sanduku zake, na vita vya tangu 1996 vimewafanya maelfu ya watu kuondoka na watoto mgongoni, si na picha.

Washauri wa sera waliomo katika ukumbi huu watauliza yote haya yanawahusu nini. Yanawahusu kwa sababu mlango wa kabati haujafungwa. Mwezi Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya alikataza suti za Kaunda bungeni na kusisitiza koti, ukosi na tai, katika nchi ambayo rais wake ndiye aliyeirudisha suti hiyo katika mtindo. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo ili kulinda viwanda vyake. Mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kusitisha unafuu wa nguo za Rwanda katika soko lake. Katika mjadala wa Kenya kulizungumzwa heshima ya Bunge, na katika ule wa Rwanda ajira na hadhi ya taifa. Hoja zote hizo zina uzito. Lakini swali lile la Zaire halikuulizwa kwa sauti ya kutosha: kijana anayeoa mwezi ujao kwa mshahara wa kibarua ataazima nini, na kwa nani? Tathmini ya sera ya mavazi inayoanza na wabunge na kuishia na wenye viwanda haijamfikia.

Tunapendekeza kazi ianzie mahali padogo na panapopimika: studio za zamani za Lubumbashi na Bukavu zilizo na hasi za filamu ambazo hazijatupwa, pamoja na mahojiano ya wanandoa wa kati ya 1968 na 1994, ili wale wa kabla, wa wakati na wa baada ya marufuku waweze kulinganishwa. Maswali yawe machache na ya vitu: ulivaa nini shingoni, nani alikupa, ulikirudisha lini.